Unataka kuwa joki, yaani mpanda farasi wa mbio? Soma hii kwanza kabla hujaniuliza "nina kilo 55, naeza?"

Kila wiki hii meseji lazima inipate. "Bro nina kilo 55, naeza kuwa joki?" Mwingine, "sijawahi panda farasi lakini napenda sana, nianzie wapi?" Na wa tatu anaruka moja kwa moja, "mshahara ni ngapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hivyo nimeandika yote hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii na naenda kulala.

Mimi nilianza kwa kusukuma wilbaro pale Ngong Racecourse, Nairobi, nikawa joki mwanafunzi, nikapanda misimu kadhaa, sa hii nawapanda farasi mazoezi ya asubuhi na kufundisha vijana. Kwa hivyo nayosema ni ya hapa kwetu, na mahali nataja Uingereza nitakwambia ni Uingereza.

Kitu kimoja tu kiingie kichwani kabla ya yote. Siku ya mbio, na kwetu ni Jumapili, unakaa juu ya farasi dakika mbili hivi, ukibahatika mara mbili au tatu siku hiyo. Siku zingine zote ni mavi, maji, majani na kuamka saa kumi alfajiri. Joki mwanafunzi ni saisi (mtunza farasi) ambaye pia anapanda. Ukifikiria ni mpandaji anayesaidia zizini kidogo, utaacha kabla mwezi haujaisha, nimewaona wengi.

VITU UNAVYOHITAJI KABLA YA KUANZA

Mwili mdogo, ndio. Farasi wengi kwenye mbio za tambarare (zile zisizo na vizuizi vya kuruka) wanapangiwa kubeba kati ya kilo 50 na 60 na kitu, na hizo kilo ni wewe, nguo, buti na tandiko pamoja. Vifaa peke yake vinakula kilo 2 au 3. Kwa hivyo ukiwa na 50 au 51 bila nguo uko sawa, 55 ukiwa na miaka 24 umemaliza kukua utahangaika lakini inawezekana, 55 ukiwa na miaka 16 na baba yako ni mrefu... angalia viatu vyako. Kama unabadilisha saizi ya viatu kila mwaka, bado unakua, hesabu tayari imekukataa.

Karatasi: kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, na mzazi wa kutia sahihi kama hujafika 18. Uingereza leseni ya mwanafunzi inaanzia miaka 16. Kwetu, ofisi ya Jockey Club of Kenya iko pale pale uwanjani, wao ndio wanatoa leseni na watakwambia ada ya mwaka huu.

Viatu vyenye kisigino. Hii naandika kwa hasira kidogo. Usije na raba. Raba haina kisigino, mguu unapita kwenye kikuku (kile chuma cha kukanyagia) mpaka kwa kifundo, ukianguka hauanguki, unaburutwa.

Helmeti na vesti ya kukinga mbavu utapewa zizini mara nyingi, lakini helmeti iliyowahi kugonga chini ni takataka hata kama haina ufa. Uliza ilianguka lini.

Alamu mbili. Sio utani.

Vitu ambavyo HAUHITAJI: farasi wako, pesa nyingi, wala kuwa umewahi kupanda. Kusema kweli trena wengi (wale wanaofundisha farasi wa mbio) wanapenda mtu ambaye hajawahi, sababu wale wamejifunzia kwa farasi wa kubebea watoto pichani wanakuja wakishika vigwe (kamba za kumwongozea farasi) kama wanavuta ng'ombe sokoni, na kuwatoa hiyo tabia inachukua muda kuliko kumfundisha mgeni kabisa.

Na wasichana mnaouliza kama mnaruhusiwa: ndio. Mwaka 2019 kuna binti wa London anaitwa Khadijah Mellah, mama yake ana asili ya Kenya, alishinda Magnolia Cup pale uwanja wa Goodwood, Uingereza, akiwa na miaka 18 na hijabu yake chini ya helmeti, miezi michache tu tangu akalie farasi wa mbio mara ya kwanza. Ilikuwa mbio ya hisani, si ya majoki wa kulipwa, lakini farasi hakuambiwa hivyo.

HATUA

1. Tafuta trena, usitafute farasi.
Nenda siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, si Jumapili wakati trena ana wageni na presha imepanda. Ukifika usiende kwa trena moja kwa moja, uliza nyapara wa masaisi ni nani, msalimie vizuri, "habari ya asubuhi mzee", hata kama umri wenu umekaribiana, kisha sema unatafuta kazi ya zizi na ungependa kujifunza kupanda. Mpangilio ni huo, kazi kwanza. Ukianza na "nataka kuwa joki" watacheka, watakwambia rudi wiki ijayo, na wiki ijayo hawatakukumbuka. Ukikataliwa rudi tena. Mimi nilirudi mara nne na mara ya nne mzee hakusema kitu, alinipa tu fagio.

2. Fanya zizi mpaka ulijue gizani.
Hapa ndipo nataka nikae kidogo sababu watu wanaparuka. Unapewa farasi wawili au watatu. Asubuhi, kabla ya kufagia chochote, angalia vitu hivi kwa mpangilio huu:

Bakuli la chakula. Limebaki? Farasi wa mbio asiyemaliza chakula ana kitu anakuambia. 

Mavi. Yako mangapi, yako vipi. Farasi hawezi kutapika, tumbo lake likifunga hakuna njia ya kurudisha, ndio maana koliki, yaani maumivu ya tumbo, inaua. Ukiona anajitazama ubavuni, anapiga tumbo kwa mguu, anataka kujiviringisha, usingoje chai, ita nyapara.

Miguu. Chuchumaa kando (kando, sio mbele, na kamwe usipige magoti) na upitishe kiganja polepole nyuma ya mfupa wa mguu wa mbele, kutoka gotini kwenda chini. Fanya kila siku kwa mkono ule ule. Kwa wiki mbili hautasikia kitu. Halafu siku moja utasikia joto kidogo mahali jana hapakuwa na joto, kama kikombe cha chai kilichosahaulika, na siku hiyo utakuwa umeokoa farasi wa mtu. Hio joto ni kano, ule mshipa mgumu nyuma ya mfupa, inaanza kuumia. Akikimbizwa hivyo, kazi yake inaisha.

Joto la mwili. Kawaida ni 37.5 hadi 38.5. Ikipita hapo, farasi hatoki.

Baada ya hapo sasa ndio unatoa mavi, unaweka maji, unakwangua kwato, brashi. Jioni hakikisha wameingia ndani kabla jua halijazama, sababu vile vijidudu vidogo vinavyouma magharibi na alfajiri ndivyo vinabeba ugonjwa wa farasi wa Afrika, na huo ukishampata farasi mara nyingi ni kuchimba shimo. Chanjo iko lakini hakuna trena mwenye akili anategemea chanjo peke yake.

3. Jifunze kumkaribia na kumvisha.
Farasi anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma kabisa ya mkia na mbele kabisa ya pua. Kwa hivyo unakuja kwa bega, unaongea ukiwa mbali, mkono unamgusa shingoni kwanza.

Kumvisha kila mtu anafikiria ni rahisi. Wacha nikwambie ya mkanda wa tumbo. Kulikuwa na jike moja la kahawia, mtulivu kabisa, nikamfunga mkanda zizini ukakaza vizuri, nikajisifu. Tukatoka, nikapandishwa, tukaanza kwenda matiti (ni mwendo, usicheke, ndio jina lake), na nikaona dunia inaegemea upande wa kushoto polepole. Tandiko lilikuwa linazunguka na mimi juu yake. Yule jike alikuwa amevimbisha kifua wakati namfunga, halafu akaachilia pumzi tukiwa njiani. Nilishuka na kichwa kwenye tope mbele ya masaisi kama kumi, mpaka leo kuna mmoja akiniona ananiuliza kama nimekaza. Kwa hivyo: kaza zizini, tembeza farasi hatua ishirini, kaza tena, na ukishapanda inama ukague mara ya tatu.

4. Panda pipa kabla ya farasi.
Pipa la mafuta, gunia juu, tandiko la mbio, vikuku vifupi kabisa. Unainua makalio, magoti yamekunjwa, mgongo umelala kama meza, uzito wote uko kwenye vifundo. Kaa hivyo dakika moja. Utatetemeka kama mtu mwenye malaria. Lengo ni dakika tatu bila kukalia tandiko na bila kushikilia vigwe ili usianguke, sababu kila mara unapojishikilia kwa vigwe unamvuta farasi mdomo kwa ile chuma ya lijamu, na yeye akivutwa anavuta zaidi. Wengi wanaharakisha hii hatua. Usiharakishe, pipa halitupi mtu.

5. Kupanda asubuhi, na kubeba saa kichwani.
Utaanza na farasi mzee mwenye adabu, kutembea, matiti, halafu shoti ndogo nyuma ya mwenzako. Kila mara vidole viwili viwe chini ya ile kamba ya shingoni. Si aibu, hata mabingwa wanaishika.

Kitu ambacho trena anakipima bila kukuambia ni kama unajua kasi. Akikuambia "mita 800 kwa dakika moja" anataka sekunde 15 kwa kila mita 200, sio 13 mwanzo na 17 mwisho. Kwenye mbio zenyewe ni kama sekunde 12, hiyo ni kilomita 60 kwa saa. Mwanafunzi akirudi amekwenda kwa 13 alipoambiwa 15, amechoma mafuta ya Jumapili siku ya Jumatano na mwenye farasi ndiye amelipa. Mimi nilijifunza kwa kuhesabu kwa sauti ndogo, moja-na, mbili-na, nikiangalia nguzo, halafu nashuka na kumwambia mzee muda kabla hajaniambia yeye. Siku nilipopata sawa mara tatu mfululizo ndio nilianza kupewa farasi wa maana.

6. Mkataba na leseni.
Trena akikuona uko tayari atakuandikia mkataba wa mwanafunzi, utapimwa na daktari, macho, kichwa, kila kitu, na utapanda mbele ya watu wa klabu. Soma mkataba. Ukiwa huelewi peleka kwa mtu anayeelewa. Angalia hasa: ada ya kila mbio inagawanywa vipi kati yako na trena, hospitali analipa nani ukivunjika, na unalala wapi.

Sasa elewa kwa nini mtu akupandishe wewe mgeni akaacha joki wa miaka kumi. Ni punguzo la uzito, farasi wako anabebeshwa kilo pungufu. Karibu kila nchi yenye mbio inampa mwanafunzi punguzo. Uingereza kwa mbio za tambarare unaondolewa ratili 7, yaani kilo 3.2 hivi, mpaka ushinde mara 20, kisha ratili 5 mpaka ushindi wa 50, kisha 3 mpaka wa 95, baada ya hapo uko sawa na wakubwa. Watu wa mahesabu wanasema kwenye mita 1600, kilo 1 ni karibu urefu mmoja wa farasi. Kwa hivyo wewe na ujinga wako unaanza urefu tatu mbele. Trena anauza hiyo, na ni sawa, lakini jua kwamba hiyo biashara inaisha. Wengi wanapata kazi wakiwa na punguzo, punguzo likiisha simu inanyamaza.

7. Siku ya mbio.
Fika mapema kabisa. Unapima kabla ya mbio ukiwa na tandiko na kitambaa cha risasi, zile bamba za kujazia uzito ukiwa mwepesi. Helmeti na kiboko kwa kawaida havihesabiwi. Ukizidi, sema mapema, ni lazima itangazwe. Mvua ikinyesha kumbuka nguo zilizolowa zina kilo zake.

Kwenye ringi, pale farasi wanazungushwa kabla ya mbio, salimia mwenye farasi, sikiliza maagizo, usibishane. Getini, pale mbio zinaanzia, tulia, shika nywele za shingo, kichwa cha farasi kiangalie mbele. Likifunguka usivute.

Mbio zikiisha, na hapa wanafunzi wanaungua sana: unatoa tandiko MWENYEWE na unakwenda nalo mizani mwenyewe. Ukiwa kwenye nafasi za zawadi mtu yeyote asiguse vifaa vyako, hata mwenye farasi akiwa analia kwa furaha anataka kukubebea. Usinywe kitu. Usisimame kupiga selfi. Mizani ikisoma pungufu ya ulivyotoka, ushindi unaweza kupotea na mastewadi, waamuzi wa mbio, wanakungoja ofisini.

Kuhusu kiboko, kila mahali kuna kikomo na kinazidi kubana. Uingereza tangu 2023 ni mara 6 tu kwenye tambarare. Jifunze kusukuma kwa mikono na mwili.

8. Rudi uongee.
Trena atakuuliza alikwendaje. "Alikwenda vizuri" sio jibu. Sema alipumua vipi kwenye kona, alipinda upande gani akichoka, alitaka umbali zaidi au kidogo. Joki wa kawaida mwenye taarifa nzuri anapata kazi kuliko mzuri bubu.

ONYO KUHUSU UZITO

Naomba hii usome mara mbili. Lita moja ya jasho ni kilo moja, ndio, kila mtu anajua hiyo hesabu, na ndio inaua vijana. Kukimbia na nguo za plastiki, kukaa na mvuke, vidonge vya kukojoa (hivyo vimepigwa marufuku na vinaonekana kwenye mkojo), kukaa njaa siku mbili halafu kupanda mnyama wa kilo 450. Miguu inakuwa maji, macho yanachelewa. Fred Archer, bingwa wa Uingereza mara 13, alikuwa na urefu wa karibu sentimita 178, alijinyima chakula miaka yote ili apande, na mwaka 1886 akiwa na miaka 29, mwili umeisha, ana homa, bado anamlilia mke wake aliyekufa, alijiua. Sikuelezi kukutisha. Nakuelezea sababu kuna mwanafunzi sa hii anakula tofaa moja kwa siku na anadhani ni nidhamu.

Kula mara tatu kidogo kidogo. Ugali nusu, sukuma, mayai, maharage. Chapati ni za Jumapili jioni. Kama uzito haushuki kwa chakula cha kawaida basi huo ndio uzito wako, na kuna kazi nzuri ya kupanda farasi mazoezi ya asubuhi ambapo kilo 62 haimsumbui mtu.

PESA, maana najua umeruka mpaka hapa

Unapata mshahara wa zizi, ambao ni mdogo, ada ya kila mbio unayopanda hata ukiwa wa mwisho, na asilimia ya zawadi ukishinda. Tangu zamani kwenye hii kazi trena mwenye mkataba wako anakata sehemu ya hizo mbili za mwisho. Usiache shule kwa hesabu za ushindi. Hesabu mshahara wa zizi peke yake, ukitosha kula na nauli, njoo.

SHIDA ZINAZOKUJA SANA

Farasi ananivuta sana. Unavuta wewe. Fupisha vigwe, fanya daraja kwa kuvipishanisha juu ya shingo, weka mikono chini ukae kimya. Anajivuta mwenyewe dhidi ya shingo yake, anachoka.

Mapaja na magoti yanachubuka. Kawaida, wiki tatu. Soksi ndefu za wanawake chini ya suruali, ndio hata wanaume, majoki wengi wanavaa.

Nimeanguka. Achilia vigwe, jikunje kama kamba wa baharini, lala mpaka wote wapite. Ukigonga kichwa usipande tena siku hiyo hata ukijisikia simba. Ukisahau kidogo tu kilichotokea, mwambie daktari, usifiche ili usipoteze mbio.

Miezi sita na sijapewa mbio. Muulize trena, kwa heshima, mkiwa wawili, "mzee ni nini bado sijafanya?" Jibu likiwa wazi, lifanyie kazi. Jibu likiwa "ngoja tu" mwaka mzima, huku wilbaro ni zako na farasi anapewa mtoto wa rafiki, maliza mkataba uhame. Mimi nilihama na sikujuta.

Naogopa. Sawa, sisi wote. Yule asiyeogopa usimpe farasi wangu.

Jumatatu baada ya mbio huwa farasi wengi wanapumzika, wanatembezwa tu, ndio siku nzuri ya kuja kuongea na nyapara. Panda matatu za Ngong Road, shuka Racecourse, uliza mtu yeyote amebeba ndoo.

Na usije na raba.